MOSHI WA KUCHOMELEA NI CHUMA CHENYEWE

(Hotuba ya fundi mmoja wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa tawi)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya moshi wa kuchomelea. Sababu mnaijua. Mwajiri amekubali kutoa posho ya moshi kila mwezi, na pakiti moja ya maziwa kila siku, kwa kila fundi wa kuchomelea. Lakini katika barua hiyo hiyo hakutaja hata neno moja juu ya mashine za kuvuta moshi, ambazo ndizo tulizoziomba. Ndugu wengine wanasema tutie sahihi, kwa kuwa fedha ni fedha na watoto wanangoja karo. Mimi siwalaumu, maana hata mimi nina watoto. Lakini mtu hauzi ng'ombe bila kumtazama. Basi kabla hatujatia sahihi, na tutazame ni kitu gani tunachouza.

Mimi si daktari. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na kazi yangu nilijifunza mbele ya moto. Lakini haya nitakayosema yamechunguzwa na wataalamu wa nchi nyingi kwa miaka mingi, na kila mwanachama anaweza kumwuliza daktari wake kama ni kweli au si kweli.

MOSHI HUU NI NINI?

Watu wengi hudhani moshi wa kuchomelea ni kama moshi wa kuni. Sivyo. Chuma huchemka kikifika joto la nyuzi 2,860 hivi za Selsiasi, na moto wa umeme kwenye ncha ya rodi hupita joto hilo. Basi pale chuma huchemka kama maji ya chai na kutoa mvuke. Mvuke ule ukipanda hukutana na hewa, hupoa mara moja, nao huganda kuwa vumbi. Vumbi hilo ndilo tunaloliita moshi. Kwa hiyo moshi wetu ni chuma chenyewe kinachoruka hewani, na sehemu kubwa hutoka katika rodi kuliko katika bamba linalochomelewa. Ndani ya rodi mna madini mengine pia, kama manganizi, na katika zile za chuma kisichoshika kutu mna kromiamu na nikeli.

Sasa sikilizeni udogo wa vumbi hili. Chukua milimita moja katika rula yako, uigawe mara milioni moja. Kila kipande ni nanomita moja. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi. Lakini chembe nyingi za moshi wetu huzaliwa zikiwa chini ya nanomita 100, kisha hushikana kama shanga katika uzi. Chembe zilizo ndogo namna hii wataalamu huziita chembe za nano.

Mtu atauliza, kama ni ndogo hivyo zitatudhuru nini? Ndugu zangu, hatari yake imo katika udogo wenyewe. Tuseme unayo kete ya chuma yenye sentimita moja kila upande. Ukipima nje yake yote utapata sentimita za mraba 6, yaani hata kiganja cha mtoto haikijai. Ikate kete ile mpaka iwe vikete vya nanomita 100. Chuma ni kile kile na uzito ni ule ule, lakini sasa nje za vikete vyote kwa pamoja ni mita za mraba 60, kadiri ya sakafu ya nyumba. Na nje ya chuma ndipo panapogusana na mwili. Kila mtu ajua kwamba bonge la sukari guru hukaa muda mrefu katika chai, lakini ukilisaga huyeyuka mara moja. Na chuma ni hivyo hivyo.

WALINZI WA MWILI

Mwenyezi Mungu hakutuumba bila walinzi. Vumbi kubwa, kama lile la kusaga chuma, nyingi hunaswa na nywele za pua na ute wa koo. Katika mirija ya mapafu mna vinyweleo vidogo mno ambavyo husukuma ute kwenda juu mchana na usiku, nasi tunautema au tunaumeza. Ndiyo maana jioni ukipenga kamasi unaona weusi. Weusi huo ni ule uliokamatwa.

Lakini chembe za nano ambazo walinzi hawa hawakuzikamata hufika mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vifuko vya hewa. Vifuko hivyo ni mamia ya mamilioni, na kama vingetandazwa vingeweza kufunika mita za mraba 70 hivi. Ukuta unaotenga hewa na damu pale haufiki unene wa elfu moja ya milimita, kwa sababu oksijeni lazima ipite. Huko hakuna vinyweleo vya kusukuma. Mlinzi aliyebaki ni seli moja kubwa inayotembea huku na huku na kumeza kila uchafu inaoukuta. Tuiite seli askari.

JINSI CHEMBE INAVYOINGIA NDANI YA SELI

Kila kiungo cha mwili kimejengwa kwa seli, kama vile ukuta unavyojengwa kwa matofali. Lakini seli ni tofali lililo hai. Lina ngozi yake, lina jiko lake la kutengeneza nguvu, na katikati lina kiini ambamo hutunzwa maagizo yote ya mwili, kama kitabu cha sheria cha karakana. Ngozi ya seli ni nyembamba sana, chini ya nanomita 10 au karibu na hapo, lakini ni imara. Chuma hakiwezi kupita ovyo ovyo.

Basi chembe hupitaje? Mara nyingi haitoboi ngozi, bali seli yenyewe huikaribisha. Kwanza, chembe ikifika katika majimaji ya mapafu au katika damu, hufunikwa mara moja na protini za mwili wetu wenyewe, kama mgeni aliyevaa sare ya kazi. Seli hugusa sare, haigusi chuma. Kisha ngozi ya seli hubonyea mahali pale, hubonyea zaidi, huizunguka chembe, halafu hufunga mdomo. Sasa chembe imo ndani, katika kifuko kidogo. Hivi ndivyo seli zinavyokula chakula chao siku zote. Si seli askari tu zifanyazo hivi, hata seli za ukuta wa mapafu hufanya.

Mwaka 2006 wataalamu wa Toronto, nchi ya Kanada, walijaribu chembe za dhahabu za ukubwa mbalimbali kwa seli zilizofugwa katika chupa. Waliona kwamba chembe za nanomita 50 hivi ziliingia kwa wingi kuliko ndogo zaidi na kubwa zaidi. Chembe nyingi za moshi wetu zimo katika ukubwa wa jirani na huo.

Tuendelee. Seli hupeleka kifuko kile mahali pa kusagia uchafu, penye asidi. Kama mgeni alikuwa kijidudu, asidi ingemmaliza. Lakini mgeni huyu ni chuma, na ninyi mafundi mwajua asidi ikikutana na chuma inakuwaje. Chuma huyeyuka. Madini yaliyoyeyuka huvuja ndani ya seli kwa wingi ambao yasingeweza kuingia kwa mlango wa kawaida, kwa kuwa mlango ule unalindwa na kupimwa. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Hapa ki ndani ya ngozi ya seli yako, na seli imekiingiza kwa mikono yake yenyewe.

KILA CHUMA NA MADHARA YAKE

Chuma cha kawaida. Seli ikifanya kazi hutoa takataka kidogo iitwayo haidrojeni peroksaidi. Chuma kilichoyeyuka kikikutana nayo hutoa kama cheche kali. Cheche hizo huunguza mafuta ya ngozi ya seli, huharibu jiko la nguvu, na zinaweza kukata nyuzi za maagizo katika kiini. Seli ina mafundi wa kutengeneza uharibifu huo. Lakini moshi ukija kila siku kwa miaka 20, mafundi wale hushindwa kumaliza kazi.

Zinki. Hii imo katika mabati na katika shaba ya manjano. Ukichomelea au kukata bati lenye zinki bila ulinzi, mchana huoni neno. Baada ya saa 4 mpaka 10 kinywa kinakuwa na ladha ya chuma, kisha waja baridi, homa, maumivu ya viungo na kikohozi. Kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili. Ni zinki iliyoyeyuka upesi ndani ya seli, na seli askari wamepiga kengele ya hatari mwili mzima. Daktari Mwingereza aitwaye Greenhow aliandika habari za homa hii mwaka 1862, alipowachunguza mafundi wa kuyeyusha shaba ya manjano. Mafundi wengine huiita homa ya Jumatatu, kwa sababu mwili huizoea katikati ya juma, husahau siku za mapumziko, na Jumatatu huanza upya.

Ndugu zangu, hebu fikirini jambo hili hapa kwetu. Fundi amekata mabati mchana kutwa, usiku anatetemeka. Atasema nini? Atasema ni malaria. Atanunua dawa dukani bila kupimwa damu, kesho kutwa amepona, naye ataisifu dawa ile na kurudi kukata mabati. Nimeona hivyo kwa macho yangu mara nyingi. Sisemi mtu mwenye homa asipime malaria, maana malaria huua. Nasema damu ipimwe, na daktari aambiwe: jana nilichoma bati lenye zinki.

Kromiamu na nikeli. Moshi wa chuma kisichoshika kutu una kromiamu ya namna iliyo mbaya zaidi. Ikiyeyuka, umbo lake hufanana na chumvi ambazo seli huzihitaji, basi seli huifungulia mlango kwa kudhani ni chakula. Ndani hubadilika na kuharibu nyuzi za maagizo. Nikeli huletwa na chembe iliyomezwa, kisha huyeyuka na kufika mpaka kwenye kiini. Zote mbili zinajulikana kuwa huleta saratani.

Manganizi. Hii huelekea ubongo. Tangu mwaka 1837 daktari Couper wa Scotland aliandika juu ya wasaga mawe ya manganizi ambao miguu ilikosa nguvu na mwendo ukaharibika. Katika majaribio ya panya imeonekana kwamba chembe ndogo za manganizi zinaweza kupanda kwa mshipa wa kunusia, kutoka puani moja kwa moja mpaka ubongoni.

Tena kuna kichomi, yaani nimonia. Mafundi wa kuchomelea hupatwa na ugonjwa huu na kufa kwa huo kuliko watu wengine. Wataalamu wameona kwamba seli zilizopata moshi huu huongeza juu ya ngozi zao kishikio kimoja ambacho vijidudu vya nimonia hukitumia kujishikiza. Kwa sababu hiyo serikali ya Uingereza huwashauri mafundi wa kuchomelea wachanjwe chanjo ya nimonia.

Mwisho, mwaka 2017 shirika la kimataifa la kuchunguza saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikaa Lyon, Ufaransa, likaamua kwamba moshi wa kuchomelea huleta saratani ya mapafu kwa binadamu. Halikusema moshi wa chuma cha namna fulani tu. Lilisema moshi wa kuchomelea, basi. Liliuweka katika daraja la kwanza, pamoja na moshi wa tumbaku na asbesto.

TUSEME KWA HAKI

Sisemi kila fundi atapata magonjwa haya. Mwili husafisha sehemu ya vumbi, na jambo kubwa ni kiasi na miaka. Wala sisemi chembe ndogo za chuma ni sumu kila mahali. Hospitalini wagonjwa waliopungukiwa damu huchomwa sindano ya chembe ndogo sana za chuma zilizofunikwa kwa sukari, na seli askari huzimeza kwa njia ile ile niliyoeleza. Tofauti ni kwamba daktari hupima kiasi, huchagua chuma, na mgonjwa hukubali. Katika karakana nani amepima? Na nani ametuuliza?

MAZIWA NA POSHO

Sasa turudi kwenye barua. Maziwa ni chakula chema, nami nayapenda. Lakini maziwa huenda tumboni, na moshi huenda mapafuni. Ni njia mbili. Hakuna maziwa yanayoweza kufika katika kifuko cha hewa na kuosha chembe iliyomo ndani ya seli. Tukipewa maziwa tuyanywe, lakini tusiyahesabu kuwa ni ulinzi.

Kitambaa mdomoni je? Kitambaa huacha chembe zipite. Lakini barakoa yenye kichujio cha kweli huzuia hata chembe za nano. Watu hushangaa, wakidhani kitu kidogo hupenya kila mahali. La. Chembe ndogo sana haiendi moja kwa moja; hutangatanga kama mlevi, hugusa uzi wa kichujio, na ikigusa hunata. Hatari ni pembeni mwa uso, maana hewa hupita penye mwanya. Kwa hiyo barakoa lazima imkae mtu sawasawa, na mwenye ndevu nyingi haitamkaa.

Na posho? Posho ni bei. Tukiipokea peke yake, tumesema kwamba moshi unaweza kuendelea mradi umelipiwa. Siku fundi atakapokohoa damu, ataambiwa, ulikuwa ukilipwa. Kisha watazameni wasiomo katika barua. Msaidizi anayeshika bamba, mfagiaji, na mwenzetu wa mashine ya jirani wote wanavuta moshi ule ule, wala hawana posho wala maziwa.

TUNACHOTAKA

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza tawi lijibu hivi.

Kwanza, moshi ukamatwe pale unapozaliwa. Iletwe mashine ya kuvuta yenye bomba linalosogea, na mdomo wake uwe karibu na moto. Ukiweka mdomo mbali mara mbili, nguvu ya kuvuta hupungua karibu mara nne. Tusidanganywe kwamba mlango wazi unatosha. Februari 2019 wakaguzi wa serikali ya Uingereza walitangaza kwamba hewa ya kawaida ya jengo haitoshi kwa kuchomelea ndani, hata kama ni chuma cha kawaida.

Pili, zinki na rangi ziondolewe penye maungio kabla ya kuchomelea, na zinunuliwe rodi zenye moshi mdogo kwa kazi zinazoruhusu.

Tatu, pale mashine haifiki, kama chini ya behewa au ndani ya tangi, fundi apewe barakoa ya kichujio inayomkaa, au yenye kuletewa hewa safi, bila kukatwa mshahara.

Nne, mapafu yapimwe mtu anapoanza kazi na baadaye kila baada ya muda utakaokubaliwa, na kila mtu aelezwe majibu yake.

Mambo haya si sadaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aondoe vumbi na moshi unaodhuru, na mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi lazima kuwe na kamati ya usalama ambamo wafanya kazi wanao wajumbe. Tena iko Sheria ya Malipo ya Majeraha Kazini ya mwaka ule ule, ambayo inahesabu na magonjwa yanayoletwa na kazi. Lakini sheria haitembei peke yake. Kwa hiyo kila fundi awe na daftari aandike tarehe, rodi aliyotumia, chuma alichochomelea, na kama aliugua usiku. Daftari hilo ndilo shahidi.

Na tangu leo, bila kungoja barua ya mtu, kila mmoja aweke kichwa chake kando ya moshi, upepo utoke ubavuni, na asile mkate kwa mikono yenye vumbi. Ndugu zetu wa jua kali, kule Kamukunji na kwingineko, hawana mwajiri wa kumdai mashine. Wao pia tuwafikishie habari hizi, maana mapafu yao ni kama yetu.

Ndugu zangu, chama kinaweza kudai nyongeza ya mshahara mwaka huu, na kikishindwa kitadai mwakani. Mapafu hayana mwakani. Posho tuidai katika mkataba wa mishahara, kwa jasho letu. Lakini kwa moshi tudai mashine ya kuuvuta. Naomba tusitie sahihi barua ile mpaka mashine ziandikwe ndani yake, na tarehe ya kufungwa kwake.

Umoja ni nguvu.